Upande wa Pili wa Kaseti ya Njano

Mtu wa kwetu akifa hapa kambini Dzaleka, Maestro alikuwa anafika kabla ya mchungaji. Hakuja na chakula wala maneno. Alikuja na radio ya kaseti ameikumbatia kifuani, imefungwa kitenge kama mtoto mwenye homa. Anasalimia, anatafuta ukuta wenye kivuli, anaketi chini, anafungua kitenge. Halafu anangoja. Wanawake wakimaliza kile kilio cha kwanza, kile cha kupiga kelele, njo, yaani ndipo, anabonyeza.

Sisi wote tulijua kitakachotoka. Ilikuwa kaseti moja tu, ya kwaya yetu ya Uvira, kule Kongo, iliyorekodiwa wakati bado tuna kanisa na kanisa lina bati. Karatasi yake ilikuwa ya njano, na juu yake picha ya watu ishirini na wawili wamesimama mistari mitatu. Album hiyo ilikuwa na jina la kikristo lililoandikwa kwa herufi za kupinda, lakini hakuna aliyelitumia. Tuliiita kaseti ya njano. Watoto waliozaliwa hapa Malawi, ambao Uvira hawajaiona hata kwenye simu, wanazijua nyimbo zake zote za upande wa kwanza.

Nimesema upande wa kwanza. Upande wa pili nitaufikia.

Jina la huyo mtu sitalitaja. Hakuna aliyemwita kwa jina. Tulimwita Maestro, vile kwetu tunamwita yule anayesimama mbele ya kwaya na kuiongoza kwa mikono. Alikuwa mfupi, masikio makubwa, shingo nyembamba yenye tai siku zote, hata siku ambayo shati halina kola ya kuishika. Alikuwa na shati moja la maana. Jumamosi analifua, analianika, halafu anajifungia ndani mpaka likauke. Ukigonga mlango anakujibu kupitia ukuta: "Maestro hayuko." Unamwuliza: "Na anayesema ni nani?" Anajibu: "Ni shati linakauka."

Nasema haya mkijua kwamba mi sikumpenda sana. Hakuwa mtu wa kupendwa. Lakini nimekaa jirani yake miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu, na kuna mambo yake hakuna mwingine wa kuyasema.

Kwenye vilio alikuwa na sheria. Kila mfiwa alikuwa na haki ya kurudishiwa mahali pamoja, mara moja. Nakumbuka mama mmoja wa Fizi, kaka yake mwingine amekufa, amekaa na kitambaa kichwani.

"Maestro, rudisha kidogo. Kaka yangu mukubwa njo yule anaingia na sauti ya chini."

"Mara moja."

"Mara mbili, papa. Nakuomba."

"Mama, mukanda si kamba ya kufungia mbuzi. Mara moja."

Basi anatoa kaseti, anaingiza kalamu ya biki kwenye lile tundu lenye meno, anazungusha kwa mkono. Alifanya hivyo ili betri zisiishe. Anazungusha huku midomo inahesabu. Hakuangalia kaseti, aliangalia mbali, kama mtu anayesikiliza mvua itatokea upande gani. "Kaka yako iko mizunguko kumi na saba," anasema. Anarudisha kaseti ndani, anabonyeza, na kweli, bila kukosea, kaka wa mama yule anaingia na sauti ya chini. Mama anapiga paja: "Njo yeye! Musikie, njo yeye!" Na wote tunanyamaza, hata wale wasiomjua kaka yake.

Alijivunia mkono wake huo kuliko nyimbo zenyewe. Alisema anaweza kumfikia mtu yeyote mle ndani macho yamefungwa. Wengi wa wale ishirini na wawili walikwisha kufa, hata wakati ule. Wengine walipotea tu, hujui uwalie au uwangoje. Wale waliofika Dzaleka mnaweza kukaa nao kwenye mkeka mmoja na nafasi ikabaki. Kwa hiyo mkisikia watu wa kwetu wanapenda kaseti, msidhani ni muziki. Hatuna makaburi ya kwenda kupalilia. Tulikuwa na ile.

Radio haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani yake, Mwislamu wa Kindu aliyeuza sabuni za vipande. Yule mzee aliiazima bila kuhesabu siku. Alipenda kulalamika tu, ili watu wacheke: "Radio yangu inaenda kanisani kuliko mi ninavyoenda musikitini. Siku ya mwisho itaokoka, mi nibaki." Alipokufa yeye, watoto wake walikuja kumwuliza Maestro kama anaweza kuja na kaseti. Wazee wa msikiti wakasema hapana, na ilikuwa haki yao. Maestro alikwenda hata hivyo, akakaa kwenye kivuli cha ukuta na radio imefungwa kitenge, hakuifungua. Alikaa hivyo mpaka watu wakatoka kuzika. Tangu siku ile radio ilikaa kwake.

Kwaya aliyoifundisha hapa kambini ilikuwa ya kila aina ya watu. Banyarwanda, Barundi, sisi Bakongomani, na msichana mmoja Mmalawi aliyeolewa na kijana wa kwetu. Mazoezi yalikuwa nyuma ya kanisa, Jumatano na Jumamosi. Saa tisa kwake ilikuwa saa tisa. Ukifika na dakika tano juu, unasimama nje ya mstari kama mtoto wa shule, hata ukiwa na wajukuu. Lakini yeye mwenyewe kwenye mambo yasiyo ya kwaya alichelewa kila mahali. Siku ya kugawa chakula hakutaka kusimama kwenye foleni, alisema mtu wa tai hasukumani. Anakwenda wa mwisho, anapata mahindi yaliyofagiliwa chini, halafu juma zima tunasikia malalamiko yake juu ya mchanga kwenye unga wa nsima, ugali wa huku. Nilimwambia: "Maestro, vua tai ile siku moja ule nsima safi." Akasema: "Mama Furaha, we unajua kupika. Niachie mi shingo yangu."

Mdomo wake haukuwa na mlango. Alimwambia mama mmoja mnene wa sauti ya kwanza: "We unaimba sawa muntu anafukuza kuku mu mihogo." Alimwambia Murundi wa besi: "Sauti unayo, lakini unaibeba kama gunia ya makaa. Weka chini polepole." Mara moja askofu alikuja kututembelea, na kwaya ikaimba mbele yake, na Maestro akakata wimbo katikati kwa mkono, akageuka, akamwambia askofu: "Paridon, baba, mutungoje. Bateno, ba sauti ya tatu, balikosa." Wakaanza upya. Askofu alingoja.

Hakukubali mtu alie akiimba. "Machozi inafunga koo," alisema. "Lia kwanza, kunywa maji, halafu kuya uimbe." Yeye sikumwona akilia. Kaseti ikiimba kwenye vilio alikuwa anaangalia ardhi na midomo yake inatembea kwenye sauti zote nne, ya wanawake na ya wanaume, anaruka kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu.

Na hakuoa. Wanawake walimletea mboga, wengine walikuwa bado wana nguvu na sura. Alizipokea mboga. Wakizidi kukaa mlangoni aliwaambia: "Zikomo, asante mama. Niko na muke." Wanamwuliza: "Iko wapi, huyo muke?" Anasema: "Iko." Basi. Hakuwa wa kanisa letu, hata jina lake hatukulijua; tulijua tu kwamba walipotezana wakati wa kukimbia, yeye alishika njia ya huku, mke akashika ya kule, kama wengi.

Mi mwenyewe sikuimba kwenye ile kaseti. Sauti yangu ni ya kuitia watoto mtoni. Siku waliyorekodi, Maestro alipata chumba kwa mtu mmoja mwenye kinanda cha umeme, wakaweka magodoro kwenye kuta zote na kuziba dirisha kwa mablanketi. Mi niliwapikia maharagwe nje, upande wa nyuma. Kila wakianza, mtu ananijia mbio na kidole mdomoni, nisikoroge. Maharagwe yaliungua siku ile kwa ajili ya wimbo. Hata sufuria sikuruhusiwa kuifunika, kwamba mfuniko utalia.

Binti yangu Furaha alikuwa mle ndani. Mstari wa mbele, wa pili kutoka kushoto, ukiangalia picha. Maestro alimpa ubeti wa peke yake kwenye wimbo wa tatu wa upande wa pili. Wimbo unasema, siku nitakapofika usiniulize nimetoka wapi, nipe maji. Kwaya inaimba kwanza, halafu kinanda kinabaki peke yake kidogo, halafu Furaha anaingia, ubeti mzima, halafu kwaya inarudi. Siku kaseti ilipotoka nilinunua moja. Niliipiga mpaka jirani akanituma mtoto wake kuniomba nipumzike. Ile yangu iliungua na nyumba.

Furaha alikufa njiani tukija huku, kabla hatujavuka mpaka wa Malawi. Homa, siku nne. Aliniachia mtoto wa miezi saba, Neema. Niliingia Dzaleka nimembeba Neema mgongoni na kichwani nina sufuria. Picha ya Furaha sina. Kitambaa chake sina.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Maestro amefika kambini na kaseti ya njano, nzima, ndani ya soksi, nilikwenda siku ile ile. Nilimkuta anapiga matofali. Nikamwambia nataka kusikia upande wa pili. Akafuta mikono, akaniangalia vizuri, akasema sawa, lakini hana radio, tungoje apate radio.

Tulingoja. Radio ya mzee wa Kindu ilipopatikana nilirudi. Akaniambia upande wa pili umeharibika.

"Umeharibika namna gani?"

"Mukanda inakula, mama Furaha."

"Inakula nini?"

"Kichwa ya radio inavuta mukanda. Nikiweka, itakatika yote. Hata upande wa kwanza tutapoteza."

Mi sikusoma. Mambo ya vichwa vya radio siyajui. Huyu mtu asiyekubali sauti moja ya uongo mbele ya askofu akisema mkanda unakula, nitamwita mwongo? Nilirudi nyumbani. Mwaka uliofuata nikamwuliza tena, akasema bado unakula. Kila msiba aliweka upande wa kwanza. Ukiisha, anauzungusha na biki na kuuanza upya. Watu walizoea. Mi sikuzoea. Nilikuwa nakaa kwenye vilio vya watu nikihesabu kwamba mtoto wangu yuko mle ndani, kwenye kitu kile kile kinachozunguka, upande wa chini, na siwezi kumfikia.

Neema alikua. Ana sauti, watu walisema imetoka kwa mama yake. Maestro alimchukua kwenye kwaya ana miaka tisa. Hakumtukana hata siku moja, na hilo lilipaswa kunifungua macho. Alikuwa mpole naye kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya watu waliolala. Mtoto akikosea, anasema tu, "Tena, binti."

Neema alipomaliza shule alisikia kwamba kule Lilongwe, Old Town, kuna mtu anatoa nyimbo kwenye kaseti za zamani na kuziweka kwenye simu. Akaniambia mi bibi yake: "Koko, huyo muntu iko na mashini nzuri, haikule mukanda. Tumwombe Maestro." Nikamwambia aende mwenyewe, mi nimechoka kuomba. Alikwenda akapiga magoti mlangoni kwa Maestro, vile wasichana wa Malawi wanapiga magoti mbele ya wakubwa. Mi nilikuwa naona kutoka kwangu. Maestro akaingia ndani, akatoka na kaseti kwenye soksi, akamwekea mkononi. Alisema neno moja tu, Neema aliniambia baadaye: "Paridon."

Hatukuelewa anaomba radhi ya nini. Tulidhani ni kwa kutungojesha miaka yote.

Tulipanda kabaza, baisikeli za kubeba watu, mpaka barabarani, halafu minibasi mpaka Old Town. Duka lilikuwa karibu na stendi, dogo, limejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Mwenye duka alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mtaratibu. Akaniambia bibi nikae, "Agogo, khalani pansi," akanivutia kiti. Neema akamweleza kwa Kichewa. Akaigeuza kaseti, akaiangalia chini ya mwanga, akasema kitu.

"Anasema nini?"

"Anasema mukanda ni muzima, Koko. Haujakatika popote."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Mjinga mimi. Aliweka upande wa pili. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu ukaanza na nikamshika Neema mkono. Kwaya ikaimba. Kinanda kikabaki peke yake. Halafu ikasikika ta!, kama mtu kakanyaga kijiti, na sauti ya mwanaume ikaingia, karibu sana, kama yuko dukani.

"Mama Bahati. Ni mi. Niko Malawi, niko muzima. Muntu akikuambia nilikufa usikubali. Niko na nyumba, najenga, ya matofali mabichi, mulango inaangalia barabara. Watu wote wa kwetu banajua nafasi yangu, uliza tu Maestro. Kama uko muzima, kuya. Huyu muntu anayekuletea atakuonyesha njia. Kama ulisha olewa, sitakasirika, lakini sema, nijue. Nakula vizuri. Shati ile ulinishonea bado niko nayo."

Alikohoa. Akasema tena jina la mke wake, mara mbili. Ta! Na kwaya ikarudi, watu wote pamoja, kwa nguvu, na wimbo ukaisha.

Mwenye duka alisimamisha mashine. Hakujua Kiswahili, lakini aliniona.

Nikamwambia Neema: "Mwambie arudishe."

Akarudisha. Nilisikiliza kile kipande kati ya kinanda na ta. Nilisema labda ameniachia silabi moja, au hata pumzi yake anapojiandaa. Hakuna kitu. Halafu nikasikiliza kwaya inaporudi, najua Furaha yuko mle, mstari wa mbele, ametoka kuimba ubeti wake sasa hivi. Watu ishirini na wawili wanaimba kwa pamoja na mtoto wangu siwezi kumtoa kati yao.

Neema alilia. Mi sikulia. Tuliporudi Dzaleka jua lilikuwa bado lipo, nikaenda moja kwa moja kwa Maestro. Alikuwa amekaa mlangoni, na tai. Alijua saa ya minibasi.

"Muke wako anaitwa mama Bahati," nikamwambia. "Miaka yote hii hukunitajia. Leo nimemjua, amekaa juu ya mutoto wangu."

Hakusimama. Akasema ilikuwa miaka ya kwanza, wakati watu wanatumiana kaseti badala ya barua, kwa sababu wengi hatukujua kuandika, na simu zilikuwa za wakubwa. Alisikia kwamba mke wake yuko kambi moja kule Tanzania. Akapatikana mtu anayekwenda na lori, asubuhi ile ile. Mtu alimwazima radio, lakini kaseti tupu hakuna. Akachukua ya njano, ingerudi na lori. Akaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi iliyotafunwa, ili ikubali kurekodi. Alitaka mwisho wa upande wa pili, baada ya nyimbo zote, pale penye mkanda mtupu.

"Nilizungusha na biki. Muntu akagonga mulango, anasema lori inaondoka. Nikapoteza hesabu. Ningeanza upya. Lakini nikasema, mukono wangu unajua."

"Na haukujua."

"Haukujua." Akaangalia mkono wenyewe. "Nikamaliza kusema, nikarudisha nisikie kama sauti imeingia. Nikasikia kwaya inakuya nyuma ya maneno yangu. Nikajua nilipofika. Lori ilikuwa inapiga honi. Nikamwambia dereva aende."

"Kwa nini hukutuma? Ulisha haribu tayari."

"Ningetuma, ningekuambia nini? Watu ba kule bangesikia niko mi pale pa Furaha, habari ingekufikia." Akanyoosha tai yake. "Nilisema nitatafuta ingine tupu, nitatuma na lori ya pili. Nilipata tupu. Lori ilipatikana miezi sita baadaye. Dereva akaenda, akarudi nayo. Balimuzika mama Bahati mwezi uliopita, alisema."

Kama mngekuwa mi, labda mngemwonea huruma pale pale. Mi niliona kitu kimoja: huyu mtu alimwacha mke wake afe bila habari yake, ili mi nisijue, na mi sikujua, na hakuna aliyefaidika. Nikaweka soksi chini kwenye mlango wake.

"Usikanyage tena kwangu," nikasema. "Na siku nikikufa, usilete ile radio. Nizikeni kimya."

Miaka miwili sikusema naye. Alikuja kwenye vilio, akikaa ukutani mi nanyanyuka. Watu waliuliza, walitunga yao, wengine walisema alinitaka nikamkataa, wakacheka. Niliwaacha wacheke. Sababu sikumwambia mtu, na Neema nilimkataza. Si kwa kumhurumia. Ile kaseti ilikuwa ya wote. Mama aliyefiwa, anayepiga paja na kusema njo yeye, hakuhitaji kujua kwamba mle ndani pia watu wanakufa.

Halafu radio ikaacha kuja. Alikufa mtu mmoja wa mji wa Baraka, tukalia kilio cha kwanza, kikaisha, tukabaki tumetazama ukuta. Wakasema Maestro ameondoka na barua ya matibabu, yuko Lilongwe, Biwi, kwa mtoto wa dada yake anayeshona nguo. Ni koo. Hawezi kumeza vizuri na sauti imekwisha.

Nilikuwa nakwenda soko la Tsoka, kule Lilongwe, kununua samaki wakavu wa kuuza, kama kila mwezi. Neema akasema atanisindikiza, na mi nikajua kwa nini. Tulipomaliza soko akaniuliza: "Koko, tupite Biwi?" Nikamwambia, "Kama ni njiani." Siyo njiani. Tulikwenda na furushi la samaki.

Alikuwa amelala kwenye chumba cha mashine ya kushonea, kwenye kitanda cha chuma, nguo za watu zimening'inia juu yake. Shingo ilikuwa imefungwa kitambaa, bila tai. Alipotuona akajaribu kuketi. Nikamwambia lala. Akalala.

"Unakula?" nikamwuliza.

Akaonyesha kikombe. Uji.

"Una maumivu?"

Akapindisha mkono, hivi na hivi. Halafu akasema kwa ile sauti ya hewa tu, ikabidi niiname: "Mama Furaha. Harufu ya samaki."

"Ni ya kuuza. Huwezi kumeza, unataka ya nini?"

Akacheka bila sauti. Tukakaa. Mashine ya kushonea ilinyamaza, mtoto wa dada yake akatoka nje kwa adabu. Neema akapiga magoti kando ya kitanda. Akasema: "Maestro, ule ubeti wa mama. Maneno nayajua, Koko alinifundisha. Lakini vile yeye aliimba, sijui. Koko hajui kuimba. We peke yako ulikuwa mu chumba."

Alifumba macho. Nilidhani atakataa. Halafu akanyanyua kidole, vile alivyokuwa ananyanyua nyuma ya kanisa, na Neema akaanza.

Alimkata neno la kwanza. Kidole kikashuka. "Chelewa," akasema kwa hewa. "Alichelewa kidogo. Nilimgombeza. Hakusikia." Neema akaanza tena, akachelewa. Akamkata kwenye neno la pili. "Si nguvu. Pale alikuwa anaogopa." Tena. "Sasa haogopi." Tena. Alimkata kwenye neno "maji", mara nne, tano. Alitaka liishe mapema, likatike, kama mtu aliyekumbuka kitu. Hakumwonea huruma, na Neema hakuiomba. Jasho lilimtoka Maestro kwenye paji la uso. Mi nilimwambia apumzike, akanipungia nikae kimya, nami nikakaa. Aliukumbuka ubeti wote, kila kosa la mtoto wangu, kama mtu anayejua kila jiwe la njia aliyoifunga mwenyewe.

Mwisho kidole kilinyanyuka na hakikushuka. Neema aliimba ubeti mzima, tangu mwanzo wake wa kuchelewa mpaka mwisho wake wa kukatika. Nje kwenye ujia mama mmoja aliyekuwa anauza nyanya alichungulia mlangoni.

Maestro akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiuliza.

Nilikuwa nimesikiliza kwa mwili mzima. Nilingoja kitu ndani yangu kinyanyuke kiseme njo yeye, vile nimeona kwa wanawake wengine miaka yote, nipige paja langu na mi. Nilingoja. Hakikunyanyuka. Sauti ile sikuijua. Zaidi ya miaka ishirini nimedai sauti ya mtoto wangu kwa huyu mtu, na siku ameitoa, mi mama yake sijui kama ni yenyewe.

"Njo vile aliimba?" nikamwuliza.

"Njo vile," akasema.

Ningemwuliza nani mwingine? Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, nikamwambia Neema aanze tena. Akaanza tena, na mi nikainama kusikiliza, kama unavyomsikiliza mpita njia anayekuambia kwamba mahali fulani, zamani, alimwona mtoto wako.